Kisiwa Kipi?

Swali lililotutoa Kampala lilitoka kinywani mwa mvulana wa kidato cha pili. Siku hiyo mdogo wetu, mwalimu aliye kijana kuliko sote katika kikundi chetu, alikuwa akifundisha msamiati wa bahari kama tufanyavyo sote kila mwaka: kupwa na kujaa, bamvua, kusi na kaskazi, ngalawa, dau, jahazi. Mvulana akanyosha mkono, akasimama kwa adabu, akauliza, "Mwalimu, hiyo bamvua uliiona wapi?" Mwalimu akajibu kwamba bamvua ni maji makuu, yajaayo sana na kupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Jibu hilo ni sahihi, nalo limo katika kamusi. Mvulana akashukuru, akaketi. Lakini yeye hakuulizia maana ya neno; aliulizia mahali, na jibu la mahali mwalimu hakuwa nalo.

Jioni ile alitusimulia, tukacheka, kisha kicheko kikatukauka. Sisi tu walimu watano wa Kiswahili katika shule mbalimbali za Kampala. Katika watano hao, wanne hatukuwa tumeiona bahari kamwe, na yule wa tano alifika Mombasa mara moja kwa msiba, akakaa siku mbili, akarudi usiku. Ndugu zetu wa pwani wasomao taarifa hii huenda wakastaajabu. Tunawaomba wastahimili. Sisi Kiswahili chetu tumekipata vitabuni, chuoni na sokoni. Wazazi wetu wengi walikisikia kwanza midomoni mwa askari, kikiwa lugha ya amri na vitisho, na hata kilipotangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, aliyekitangaza alikuwa mtawala ambaye watu walimwogopa. Leo upepo umegeuka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, kikawa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wala Kampala si mgeni kabisa wa habari hizi, kwani kuanzia mwaka 1952 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake papa hapa Makerere, kwa muda wa miaka kadhaa, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam. Lakini kamati ikiwa mjini si sawa na bahari kuwa mjini.

Basi tukaazimia kuweka akiba. Kila mmoja alitoa shilingi 30,000 kila mwisho wa mwezi, na mweka hazina wetu, mzaliwa wa Busia, akaziandika katika daftari la mistari kwa wino mwekundu. Baada ya miezi 24 zilitimia shilingi 3,600,000. Kusudio lilikuwa moja: likizo ya pamoja katika kisiwa, siku chache tu, nasi tukirudi tuwe na la kumjibu mvulana yule, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kupanda hadi kidato cha nne.

Lakini kisiwa kipi? Hapo ndipo palipozuka mashindano.

Wa kwanza kutajwa ulikuwa Unguja, na hoja zake zilikuwa nzito. Kiswahili sanifu tunachokifundisha kimejengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, kama ulivyokata mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mwalimu wa Kiswahili ambaye hajasikia wauza samaki wa Unguja wakitaniana, alisema mdogo wetu, ni kama mpishi asiyewahi kuonja chumvi. Tena Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, na milango yake ya nakshi, na karafuu. Hayo yote twayafundisha kwa picha. Mwenzetu wa Bombo, ambaye lugha ya kwao ni Kinubi, alisimama upande wa Lamu. Kwake yeye Lamu ni mji wa washairi, na punda wapitao vichochoroni wangempumzisha na pikipiki za Kampala. Alitaka pia kuuliza habari za mtepe, lile jahazi la kushonwa kwa kamba bila msumari, ambalo vyombo vya msumari vililiondoa baharini.

Sisi tunaoandika tulipendekeza Ukerewe, tukachekwa. Hoja yetu ilikuwa mtu mmoja, marehemu Aniceti Kitereza, aliyezaliwa kule mwaka 1896. Mzee huyo alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya kubwa sana ya maisha ya watu wa kisiwa chake: Bwana Myombekere, Bibi Bugonoka, na watoto wao. Hakupatikana wa kuichapa kwa Kikerewe. Baada ya miaka mingi akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Tulisema kwamba yatupasa kwenda kuona pwani alizoziandika. Mweka hazina akasema kwamba kitabu tunacho kabatini, na kukisoma hakuna nauli.

Bunyonyi kule Kabale alitajwa kwa sababu ya baridi yake na vilima vyake, lakini mtu alipokumbusha habari ya Akampene, kile kisiwa kidogo ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe, hamu ikatuisha. Ssese ilitajwa mwisho kabisa, tena kwa kuguna. Ssese ni kwetu. Mtu huenda Ssese akikosa pa kwenda. Hivyo ndivyo tulivyosema, na tunayaandika kama yalivyosemwa.

Tuseme neno kuhusu namna watu wachaguavyo visiwa siku hizi, maana twaamini walimu wengi wamo njiani kufanya kama sisi. Picha zote ni sawa. Mchanga ni mweupe, maji ni ya samawati, mnazi umeinama, hapana mtu. Mtu akizitazama picha za visiwa kumi hawezi kujua kipi ni kipi, na mwenyeji haonekani hata kimoja. Sisi tulijifunza kuuliza mambo mengine. Je, likizo yetu huangukia majira gani? Likizo yetu ya Mei hukuta masika kule Unguja, na ile ya Desemba hukuta wageni wa dunia nzima na bei zao. Je, chombo cha kuvukia ni kipi, kinachukua watu wangapi, na maboya ya kujiokolea yako wapi? Hili si la mzaha. Mei 1996 ilizama MV Bukoba karibu na Mwanza. Septemba 2011 ikazama Spice Islander kati ya Unguja na Pemba. Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere hatua chache kutoka Ukara. Na Novemba mwaka huo huo mashua ya starehe ikapinduka upande wetu wa ziwa, karibu na Mukono, ikiwa na vijana waliokuwa wakicheza muziki. Mweka hazina alipomaliza kuyasoma hayo akasema, "Kila kisiwa kina matanga yake," na hatukujua kama alikusudia ya chombo au ya msiba.

Daftari ndilo lililokata shauri, au ndivyo tulivyodhani. Kwa nauli ya basi hadi Dar es Salaam kupitia Mutukula, kwa boti, na kwa malazi hata yawe ya kubanana, fedha zetu zilitosha kuwapeleka Unguja watu watatu. Tukapiga kura na kuafikiana: wataenda watatu, na wa kwanza wao hatapigiwa kura. Huyo ni yule ambaye sote humwita Mama Mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka 59, amebakiza miezi michache kustaafu, na amefundisha Kiswahili tangu siku ambazo wazazi walikuja shuleni kumwuliza kwa nini anawafundisha watoto wao lugha ya wanyang'anyi. Tuliona kwamba haifai mtu kama huyo astaafu bila kuiona bahari. Tulijivunia uamuzi wetu. Tukamwendea, mweka hazina akisema kwa niaba yetu sote, kwa heshima zote.

Mama Mkubwa alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, ahsanteni. Lakini sitakwenda."

Tukadhani anaogopa chombo. Tukadhani ni mwili. Mdogo wetu akaanza kulia, maana alikuwa amekwisha kumwazima mkoba wa safari.

"Bahari nimeifundisha miaka 33 bila kuiona, nayo haikunidai," akasema. "Kuna maji mengine yanayonidai. Kama mwataka kunifurahisha, twendeni Ssese, sote watano."

Ndipo tukaambiwa jambo ambalo hatukulijua kwa miaka yote tuliyokunywa naye chai. Bibi yake mzaa baba alizaliwa Ssese. Aliondoshwa akiwa mtoto mdogo, yeye na kijiji kizima, wakapelekwa bara, na hakurudi tena. Alikufa Mama Mkubwa akiwa msichana wa shule. Kilichobaki kwake ni maneno machache ya Kissese, na sentensi moja fupi ambayo bibi aliisema kila usiku alipokuwa akifunga mlango.

Habari ya kuondoshwa huko tulikuwa tumeisoma sote, kama mtu asomavyo habari za mbali. Tangu takriban mwaka 1900 malale yaliingia katika pwani za ziwa letu na kuua, kwa miaka michache tu, zaidi ya watu laki mbili. Mbung'o walikaa katika vichaka vya ukingoni mwa maji, na watu wa visiwani kila walipoteka maji au kusukuma mtumbwi waliwakuta. Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alipiga kambi katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote vya Ssese, akawatibu watu kwa sindano za dawa iliyokuwa na sumu ya aseniki. Wengine walipata nafuu ya muda, na baadhi yao wakapofuka. Gavana wa wakati huo, Hesketh Bell, aliamuru watu wahamishwe pwani, na ilipofika mwaka 1909 zamu ikawa ya visiwa vya Ssese. Watu walitolewa, wakaacha migomba, mitumbwi na makaburi. Miaka zaidi ya kumi ilipita ndipo watu wakaruhusiwa kurudi. Waliorudi hawakuwa wote walioondoka, na pamoja nao walikuja wengi ambao hawakuwahi kuwa wa huko.

Mweka hazina akapiga hesabu upya. Kwa Ssese zilitosha watu watano, na nyingine zingebaki. Hakuna aliyesema tena juu ya Unguja jioni ile.

Tulisafiri katika likizo ya Desemba 2023. Tulishika barabara ya Masaka, tukavuka ikweta pale Kayabwe ambapo wageni hupigwa picha, tukanunua nyama ya kuchoma dirishani Lukaya, na kutoka Masaka tukateremka hadi Bukakata. Hapo kuna kivuko kisichotozwa nauli, nacho hubeba magari, ng'ombe, masanduku ya bia na walimu, hadi Luuku upande wa Bugala. Mama Mkubwa alisimama ukingoni mwa kivuko safari nzima. Mwenzetu wa Bombo alimwambia habari ambayo alikuwa ameiwekea akiba: kwamba mitumbwi mikubwa ya Ssese, ile ya omo refu lililochongoka, iliyomvukisha Kabaka na majeshi yake, nayo ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, kama mtepe wa Lamu. "Basi tumefika Lamu," akajibu Mama Mkubwa.

Kutoka Luuku tuliingia katika michikichi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba Bugala ni kisiwa cha misitu, na misitu ipo bado, tena mizuri, yenye tumbili na giza la kijani. Lakini tangu miaka ya 2000 maelfu ya hekta yamepandwa michikichi kwa ajili ya mawese, na gari lilipita katikati ya safu zake kwa muda mrefu, kila mti mahali pake kama wanafunzi katika mstari wa asubuhi. Wakulima wadogo waliopanda wamepata fedha, wamejenga, na watoto wanasoma. Dereva wetu alikuwa mmoja wao. Mama Mkubwa alimwuliza kwa Kiganda hapa palikuwa na nini zamani. Dereva akasema, kwa uaminifu, kwamba yeye alikuja mwaka 2011.

Pwani ya Lutoboka chini ya mji wa Kalangala ni nzuri. Tungeisifu kwa maneno mengi kama ingekuwa mbali. Mchanga wake ni mweupe kama wa picha, na jua huzama ndani ya maji kwa rangi ambazo hatukuzijua, ingawa ziwa ni lile lile tulionalo kutoka Ggaba tukienda kununua samaki. Tulilala vizuri, tukala sato, tukacheza karata. Hatukuoga ziwani, kwa sababu ya kichocho, na twawashauri wengine wasioge pia, hata wakimwona mwenye hoteli akioga.

Asubuhi ya pili tulikwenda mwaloni. Neno hili lilitufurahisha. Wavuvi wa Mwanza huita pahala pa kupakulia samaki mwalo, nasi kwa Kiganda twasema *omwalo*, kwa hiyo tulifika mahali ambapo tayari palikuwa na jina moja pande zote mbili za mpaka. Na pale, miongoni mwa mitumbwi ya kupakwa lami na nyavu za buluu, tulikisikia Kiswahili, tena si cha darasani. Walikuwapo watu wa Mwanza na Musoma, Wajaluo kutoka Kenya, Wasoga, Waganda, Wasamia, na kilichowaunganisha katika kupatana bei, kutukanana na kupatana tena kilikuwa Kiswahili. Mweka hazina wetu wa Busia aling'aa kama mtu aliyerudi nyumbani. Sisi wengine tulisimama na upatanisho wetu wa ngeli, tukiogopa kufungua kinywa.

Mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa juu ya mchanga alituita. "Karibuni, walimu." Tukamwuliza amejuaje. Akasema, "Mwaongea kama redio." Alitoka upande wa Ukerewe, tena hakuwahi kusikia jina la Kitereza. Tulipomwambia kwamba ni mtu wa kwao aliyeandika kitabu kinene kuliko Biblia ya mfukoni, akauliza kama kimetaja dagaa. Tulikaa naye nusu ya asubuhi. Kutoka kwake tulipata maneno ambayo hatukuwa tukiyafundisha, na kubwa kuliko yote ni jinsi walivyoishi kwa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani walitumia karabai, siku hizi taa za umeme wa jua. Taa huelea juu ya maji, dagaa huifuata, wavu huinuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu taa haifai kitu, dagaa hutawanyika, basi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hulewa, huoa. Wanauhesabu mwezi kama mshahara.

Mdogo wetu alitoa daftari lake akaandika kwa haraka. Ziwa halina bamvua. Halipwi wala halijai kwa mwezi. Lakini alikuwa ameona watu ambao kazi yao huamriwa na mwezi, juu ya maji, na kwa Kiswahili, na aliona kwamba kuanzia hapo angeweza kumfikisha mtoto wa Kampala hadi baharini. Tulimwona amefurahi kwa namna ambayo pengine Unguja isingemfurahisha zaidi, ingawa yeye mwenyewe hakubali.

Lakini Mama Mkubwa hakuja Ssese kutafuta Kiswahili. Siku nzima alikuwa akiuliza, kwa upole, nani anajua Kissese. Wataalamu wengine hukihesabu lugha, wengine lahaja ya Kiganda, nasi hatuna ujuzi wa kuamua. Mwaloni watu walimtazama bila kuelewa. Mmoja alidhani anauliza kabila la mwenye nyumba za kupanga. Siku ya tatu tulielekezwa kwa mzee mmoja, mwenye umri wa miaka themanini au zaidi, aliyekaa mbali na pwani chini ya mfenesi. Mama Mkubwa akapiga magoti kumwamkia kama mila yetu inavyotaka. Wakaongea kwa Kiganda, polepole, juu ya koo na mvua na bei ya mawese. Kisha akamwambia kwamba anayo sentensi ya bibi yake.

Mzee akasema, "Iseme."

Akaisema. Hatutaiandika hapa, kwa sababu si yetu. Ilikuwa fupi, maneno manne au matano, na mwanamke huyu aliyewasahihisha watoto wa watu matamshi kwa miaka 33 aliisema kwa sauti ya mtoto anayeogopa kukosea. Mzee akainamisha kichwa. "Rudia." Akarudia. Mzee akaisema mwenyewe, na hata sisi tusiojua kitu tulisikia kwamba irabu moja aliirefusha, ambapo yeye aliifupisha.

"Nilikosea," akasema Mama Mkubwa.

"Hapana," mzee akasema. "Hapa Bugala mama yangu alisema hivi nilivyosema mimi. Wa kwenu walisema hivyo usemavyo wewe. Bibi yako hakuwa wa hapa. Alikuwa wa kisiwa kipi?"

Mama Mkubwa hakujua. Ssese ni visiwa 84, na katika utoto wake hakufikiri kuuliza, kwa kuwa bibi alisema Ssese tu, kama mtu asemavyo nyumbani. Mzee akafikiri kitambo, akanyosha mkono kuelekea mashariki, upande wa Bukasa na Bubeke, akasema labda huko, lakini asiapishwe. Tangu mama yake afariki hakuwa amelisikia neno lile likisemwa na mtu mwingine. Yeye mwenyewe huongea Kiganda na wajukuu, na Kiswahili na wavuvi.

Tulirudi hotelini kimya. Usiku ule tulibishana, si kwa hasira, juu ya kazi yetu. Mwenzetu wa Bombo alisema kwamba Kiswahili hakina hatia hapa: Kissese kilivunjwa na mbung'o, na amri ya gavana, na Kiganda. Hilo ni kweli. Mweka hazina akasema kwamba bila Kiswahili watu wa mwaloni wangeshikiana mapanga, na hilo ni kweli pia. Sisi tulimkumbuka Kitereza, ambaye kisiwa chake kimesomwa duniani kwa sababu alikubali kukifasiri kwa Kiswahili. Lakini tulikumbuka pia kwamba miaka 35 alikaa na mswada, na kwamba Kikerewe kilibaki ndani ya sanduku wakati Kiswahili kikichapwa. Twakipigania Kiswahili katika nchi ambayo bado baadhi ya watu hukidharau, na tumezoea kujiona sisi ndio tunaoonewa. Pale Bugala, kwa mara ya kwanza, tulijiona tukiwa wenye nguvu, nasi hatukujua la kufanya na hali hiyo. Mama Mkubwa hakushiriki mjadala. Alikuwa nje, barazani, akiisema ile sentensi peke yake kwa namna zote mbili.

Tulitaka kwenda Bukasa siku iliyofuata. Upepo ulivuma tangu alfajiri, mitumbwi haikutoka, na likizo ikaisha.

Mvulana alipata jibu lake siku za mwanzo za muhula. Mdogo wetu alimwita, akamwambia wazi kwamba bamvua hajaiona, akamweleza juu ya wavuvi wa dagaa na mwezi. Kijana akasikiliza, akauliza kama taa ya umeme wa jua inaweza kununuliwa Kampala na kwa bei gani. Inaonekana anawaza biashara.

Mama Mkubwa alistaafu mwaka 2024. Safari ya Ssese ilitumia shilingi 1,400,000, zikabaki 2,200,000, na daftari linaendelea. Sasa kuna wanaosema tumpeleke mdogo wetu Unguja, kwa kuwa ana miaka mingi ya kufundisha mbele yake, na kuna wanaosema turudi ziwani, sote, tukodi mtumbwi wenye mashine na maboya ya kutosha, tupite Bukasa na Bubeke na hivyo vingine, kimoja baada ya kimoja, huku Mama Mkubwa akiisema sentensi yake mbele ya kila mzee tutakayemkuta. Kura zimegawanyika mbili kwa mbili. Yeye hajapiga yake. Kila mwisho wa mwezi shilingi zake 30,000 huwasili, na mweka hazina huziandika.